Kila Shemeji Akiingia, Poti Inafungwa

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na naomba usinibembeleze, maana nimeshabembelezwa na kila mtu katika nyumba hii mpaka nimechoka, wote wananiambia subira, subira, na mimi nasema subira ina mwisho wake na wangu umefika.

Mimi ni mke wa mtu na kazi yangu ni kusoma vitabu. Usicheke. Nasoma vitabu vya shule kwa sauti, najirekodi, kisha nasafisha sauti kwenye kompyuta, nakata vikohozi na milio ya pikipiki, na vitabu hivyo husikilizwa na wanafunzi wasioona. Tuko kikundi, wasomaji na walimu, kila mmoja na mji wake, hatuna ofisi wala mahali pakubwa pa kuhifadhi, kwa hiyo tunatumia ile programu inayopeleka faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine moja kwa moja, vipande vipande, na kila aliyepata kipande anamgawia mwenzake. Sasa kitabu kikiwa kipya, mwenye kitabu kizima ni mimi peke yangu, na wenzangu wengi wanatumia intaneti ya simu ambayo haipokei mgeni kutoka nje, kwa hiyo kama poti, yaani ule mlango wa kupitishia wageni kwenye ruta yangu, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, haiko wazi, hawana njia ya kunifikia, na kitabu kinabaki kwangu kama maji ndani ya mtungi uliozibwa mdomo.

Poti hiyo alinifungulia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi wa mafriji, ambaye alikuwa akiishi nasi. Hilo silikatai. Aliingia kwenye ruta, akaandika namba ya poti, akaandika na namba ya kompyuta yangu, akasema, "Haya shemeji, mlango wazi, wageni wapite." Na kweli wakapita. Siku zile nilimwombea dua njema.

Sasa sikiliza vituko. Mimi nikitoka nyumbani nazima kompyuta na ruta naichomoa ukutani, na nikienda kulala nafanya vivyo hivyo, kwa sababu umeme wetu una kichaa na vifaa navyo vinahitaji kupumzika. Nikirudi mimi wa kwanza nawasha vyote (simu yangu na ya mume wangu zinatumia bando, haziingii kwenye ruta), poti iko wazi, wenzangu wanavuta kitabu, raha mustarehe. Lakini shemeji akinitangulia kurudi, akachomeka ruta yeye, mimi nikija nikiwasha kompyuta, hakuna anayenifikia! Napima kwenye ile tovuti ya kupima poti, inaniandikia imefungwa. Naingia kwenye ukurasa wa ruta, naona maandishi yale yale, poti ile ile, namba ile ile, na alama ya kijani kwamba iko wazi. Nafuta, naandika upya. Wapi! Na yeye amejilaza kwenye kochi na simu yake, ananichungulia, anasema, "Shemeji, hiyo mashine yako ina haya. Ikiona mwanaume inajifunika."

Nikamuuliza, "Umefanya nini kwenye ruta?"

"Sijagusa."

"Hujagusa, na neno la siri unalo wewe?"

"Mimi nagusa mafriji, shemeji. Hilo lako halina hata gesi."

Basi akaenda mji mwingine kufunga vyumba vya baridi vya mabucha, na muda wote aliokuwa huko poti haikufungwa hata mara moja. Siku ya kwanza aliporudi, akatangulia kufika nyumbani, nikaja nikawasha kompyuta, imefungwa. Sasa mshauri, mimi si mtoto. Nilijua na sababu. Kuna wakati alitaka kuleta friji bovu la mteja wake alitengenezee sebuleni kwetu, nikakataa, nikamwambia hapa ni nyumba, si karakana, akanyamaza kimya kile cha mtu anayeweka jambo moyoni. Nikasema, kumbe! Malipo ndiyo haya.

Kilichonimaliza ni simu ya mwalimu mmoja wa kikundi chetu, naye haoni, anafundisha wasioona wenzake. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Mama, kitabu cha biolojia kimekwama sura ya nne. Wanafunzi wangu moyo wanaujua vizuri. Figo wanazisikia tu kwa jina." Mtihani wao uko mlangoni. Nikakata simu. Sebuleni wamekaa wageni wa mume wangu, wafanyakazi wenzake, na shemeji yuko katikati yao anawachekesha. Nikasimama mbele yao wote nikasema, "Huyu mtu anakula kwangu, analala kwangu, na ananihujumu kwangu. Anawanyima vipofu vitabu kwa sababu ya friji!"

Shemeji akainuka. "Rudia hilo neno."

Nikarudia. Mume wangu hakusema kitu, alikwenda chumba cha mdogo wake, akatoka na begi la zana, akaliweka nje ya mlango. Na yule alilichukua begi akaenda, na nasikia analala karakana kwake katikati ya mafriji mabovu, akalale, kwani nani alimtuma.

Nikabadilisha neno la siri la ruta. Nikabadilisha na jina la mtandao wetu, lile linaloonekana kwenye simu ya kila mtu anayepita, nikaandika HASIDI HANA SABABU, ili siku akipita nje alisome. Jirani wa ghorofa ya juu naye akabadilisha la kwake, akaandika JIRANI SIMO, lakini hayo ni yake.

Poti ikatulia. Mume wangu akaniambia, "Umeona?" Nikasema nimeona. Halafu mama mkwe akafunga safari kuja kutupatanisha. Nimempokea vizuri, sina ugomvi naye, nikamwandikia mwenyewe neno jipya la siri kwenye simu yake ili aangalie video za wajukuu. Yeye huamka mapema, anachomeka ruta, anakaa na simu yake mpaka mimi niamke. Na sasa, mshauri, poti imefungwa tena! Shemeji hayumo ndani, neno la siri halijui, na bado ananifungia! Anafanya kutokea huko huko karakana, hawa mafundi wana njia zao. Nilipomwambia mama mkwe, akanijibu, "Mwanangu, wewe hata mimi nikikohoa utasema ni yeye."

Jumamosi kuna kikao cha familia. Mama anataka mwanawe arudi. Mimi nimesema akirudi yeye naondoka mimi na kompyuta yangu. Kwa hiyo nipe maneno ya kusema kikaoni, na yawe makali, na unieleze jinsi ya kumzuia kabisa asiingie kwenye ruta yangu kutoka mbali.

Ni mimi, Msomaji Niliyechoka

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, umeomba maneno makali. Ninayo, ila yamebadilisha njia, yanakuja kwako.

Shemeji yako hakukufungia poti. Sijamwona wala simjui, lakini barua yako imemtetea kuliko wakili. Isome tena. Kila mara uliyosema poti imefungwa, ulipoingia kwenye ruta uliikuta wazi, na alama ya kijani uliiona kwa macho yako. Ukafuta, ukaandika kile kile ulichofuta, kisha ukakasirika kwamba hakuna kilichobadilika. Mtu anayefunga mlango kwa husuda hauachi wazi, mwanangu. Na sasa poti imegoma tena, na ndani ya nyumba hamna shemeji, yuko mama mkwe na simu yake. Tumfukuze na yeye? Mfuko wake bila shaka ni mwepesi kuliko begi la zana, mumeo ataubeba kwa mkono mmoja.

Nitakueleza kilichotokea polepole, maana kukasirika kwangu hakunizuii kufundisha.

Ifikirie ruta kama mtu wa mapokezi katika nyumba ya kulala wageni. Kila kifaa kinachoingia, iwe simu, kompyuta au televisheni, kinapewa namba ya chumba. Wageni wa nje, yaani wenzako wanaovuta kitabu, hawajui habari za vyumba. Wanafika mapokezi wanataja poti. Mtu wa mapokezi anatazama agizo aliloachiwa: wanaotaja poti hii, wapeleke, tuseme, chumba namba mbili. Siku shemeji yako alipoandika agizo hilo, kompyuta yako ilikuwa imelala chumba namba mbili. Kwa hiyo wageni walikukuta.

Lakini chumba kile hukukinunua. Ulikikuta kitupu ukapewa. Ruta nyingi za kawaida zikichomolewa ukutani husahau nani alilala wapi, na zikichomekwa tena hugawa vyumba upya, na anayewahi ndiye anayepata cha mbele. Ukirudi wa kwanza, kompyuta yako inawahi. Akirudi shemeji wa kwanza, simu yake mfukoni inawahi, inapewa namba mbili, na kompyuta yako ikija inapewa namba tatu. Agizo liko pale pale, halijaguswa, linang'aa kijani. Wageni wanapelekwa namba mbili kama ilivyoandikwa, wanabisha kwenye simu ya fundi wa mafriji wakiomba kitabu cha biolojia. Simu haina kitabu, haijibu, wanageuka. Tovuti ya kupima nayo inabisha hapo hapo, haijibiwi, inakuandikia imefungwa.

Ndiyo maana alipokwenda kwenye mabucha yake mambo yalinyooka. Ndiyo maana aliporudi yaliharibika. Na ndiyo maana yameharibika tena tangu aje mama anayeamka kabla yako. Kila ulichokiita ushahidi kilikuwa kweli tupu, na hukumu uliyoitoa ilikuwa uongo mtupu.

Usinikubalie kwa sababu nina mvi. Hakikisha. Poti ikigoma tena, usizime kitu, usifute kitu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute mahali panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa na namba zao. Tazama namba iliyo kwenye agizo la poti, halafu tazama ni kifaa gani kinaishika sasa. Nadhani utaikuta simu ya mama mkwe, na ukiikuta, kaa kwanza kwenye kiti.

Dawa yake ni kuinunulia kompyuta chumba. Kila kifaa kina alama yake ya kiwandani isiyobadilika, na ruta inaionyesha hapo hapo ilipo namba. Katika sehemu ya kugawa namba kuna nafasi ya kusema: kifaa chenye alama hii, kila kikija, kipe namba hii, na mwingine asipewe. Iandike kompyuta yako hapo, uhifadhi, kisha agizo la poti lielekee kwenye namba hiyo hiyo. Chomoa, chomeka, na umwache mama awahi makusudi. Ukipima, programu yako ya kugawa faili iwe imewashwa, kwani ikiwa imezimwa hakuna wa kuitikia hodi na utaandikiwa imefungwa hata kama kila kitu kiko sawa, nawe nakujua sasa, utatafuta mtu wa kumfukuza. Ikigoma bado, angalia kama ulinzi wa kompyuta yenyewe unaizuia programu. Na kama namba ya nje inayoonekana kwenye ruta si ile inayoonekana kwenye tovuti ya kupima, hapo kizuizi kiko kwa kampuni inayokuletea intaneti. Wapigie hao, ugombane nao wakikupuuza, na hapo nitakuunga mkono.

Kuhusu kumzuia mtu asiingie kutoka mbali: neno la siri ulilobadilisha, vizuri. Zima pia ruhusa ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta kutoka nje ya nyumba, na ufungue poti hiyo moja unayoihitaji, si zote kama nionavyo wengine wakifanya wakishakata tamaa. Fanya hayo kwa sababu ya wezi wa kweli. Na ruta haichoki, mwanangu. Haina mgongo. Kama unaogopa umeme, nunua kifaa cha kuukinga, lakini acha kuipumzisha kama punda.

Hayo ya ruta yamekwisha. Sasa ya watu.

Sikukasirikii kwa kutojua namba zinavyogawanywa. Wangapi wanajua? Nimekasirika kwa sababu ulipokosa jibu ulikwenda kuchukua friji. Ulimkatalia mtu jambo, akanyamaza, na kimya chake ukakitafsiri mwenyewe miezi na miezi, mpaka siku ulipohitaji mkosaji ukamkuta tayari ameshaiva. Alikwambia hajagusa. Ukweli ulikuwa mfupi hivyo, na kwa sababu aliusema akicheka ukauhesabu kuwa dhihaka. Kweli ana mdomo, na ule utani wa mashine kuona haya mimi nisingeupenda. Kazi yenyewe pia aliifanya nusu, angekuwekea namba ya kudumu siku ile ile. Lakini mdomo na kazi nusu havimtoi mtu nyumbani kwao.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba uliwageuza wanafunzi wako kuwa fimbo. "Anawanyima vipofu vitabu." Wewe unayewasomea, ambaye barua yako inaanza kwa kuwaita wasioona, ulipotaka kumpiga mtu mbele ya wageni ukawaokota hao ukampiga nao. Na huku unampiga, ulikuwa na njia ya kuwafikishia kitabu! Sura zilizobaki ziweke kwenye flashi, ifunge vizuri, umpelekee mwalimu kwa posta. Fanya hivyo leo, kabla hujaigusa ruta. Mtihani hausubiri ugomvi wa sebuleni kwenu.

Na wewe, mume, ambaye mkeo atakusomea haya kwa sauti maana ndiyo kazi yake: ulimuuliza mdogo wako swali gani? Hata moja? Hata mahakama humpa mwizi nafasi ya kujitetea, wewe ulitoa hukumu kwa begi bila kufungua kinywa, kisha ukaja kusema "Umeona?" Mlikuwa hamjaona kitu, wote wawili. Mama yenu amefunga safari kwa umri wake kuja kufanya kazi uliyoishindwa kwenye kochi lako mwenyewe.

Mwanangu, Jumamosi usiingie kikaoni ukiwa na maneno makali, na pia usiingie ukiwa na maelezo. Nakuona tayari unajiandaa kuwaeleza wazee habari za namba mbili na namba tatu, ili ionekane kwamba mkosaji ni ruta. Ruta haikusimama mbele ya wageni ikamwita mtu mhujumu.

Leo ondoa lile jina la mtandao. Liite hata Kiatu, alimradi litoke. Kisha, kabla ya Jumamosi, nenda karakana wewe mwenyewe. Usimtume mumeo wala usimtangulize mama, na usipige simu. Mumeo ana safari yake ya peke yake ya kwenda huko, asijifiche nyuma yako. Ukifika, sema: "Shemeji, nilikusingizia." Usiseme "kama nilikukosea," hakuna kama hapo. Mwambie kwamba wale waliosikia siku ile watasikia na hili, na uwaite kweli, wale wafanyakazi wenzake mumeo wote waliokuwa pale sebuleni, uyarudie maneno hayo mbele yao. Aibu ya hadharani haifutwi chumbani.

Huenda akakataa kurudi. Ana haki, na kukataa kwake kusiwe kisingizio cha kusema umemaliza wajibu wako. Huenda pia akakujibu, tena kwa mdomo ule ule unaoujua, na akafukua na mambo mengine ambayo hukujua kama yanamuuma. Usimkatize. Usimsahihishe hata akikosea tarehe. Wewe ulisema yako yote, mbele ya watu, na hakuna aliyekuzuia. Hii ni zamu yake.